Wamekuuzani?

Chumba kiko juu ya duka la rangi, Malindi;
ngazi zinanuka tapentaini.
Mlangoni kijana mwenye beji alituvua saa,
akatugeuza mifuko nje
kama watoto walioshukiwa halua,
akatuachia pasipoti, penseli, na maji
kwenye chupa iliyobanduliwa karatasi.

Jina la kwanza? Jina la ukoo?
Nikasema Mwanajabu Shekuwe Kupi.
Akatafuta ukoo baina ya baba na babu,
akabonyeza Kupi,
na babu yangu, ambaye hakuwahi kutoka Siyu
ila kwenda kuzika watu,
akaingia mtihani wa Kiingereza pamoja nami.

Spika za masikioni zilikuwa na joto
la masikio ya mtu mwingine.
Mwanamke anapanga nyumba.
Atahamia Jumanne, au Alhamisi?
Kodi ina gesi ndani, umeme mbali.
Nilimwandikia jina la mtaa herufi kwa herufi,
nikamwombea jirani mwema.
Kisha profesa akaanza habari za nyuki, hapumui,
na swali la thelathini na moja likanipita
nikiwa bado namfikiria yule mwanamke
na sanduku lake.

Kuandika: mchoro.
Maziwa yaliyouzwa nje na nchi tatu, miaka ishirini.
Nikaandika yalipanda, yakatulia, yakashuka kwa kasi.
Friza ya mama nayo ilipanda ngazi
mabegani mwa mahamali wanne,
ikatulia miaka sita
ikigandisha barafu za ukwaju, shilingi kumi kumi,
ikashuka mwezi wa tatu, wiki ya kulipa ada.
Hiyo hawakuichora.

Kusema.
Mtahini alikuwa ndani ya kioo,
nyuma yake rafu ya vitabu vya kuchorwa.
Eleza sehemu ya nyumba unayoipenda.
Dakika moja ufikiri, mbili useme.

Nilikuwa nimejifunza jiko. Nilikuwa nimejifunza bustani,
na maneno saba ya kusifu bustani.
Likanijia wikio.

Chumba chetu kile kinachovuka kichochoro,
mguu mmoja kwetu, mguu mmoja kwa shangazi Bishara,
chini yake hakimiliki hata shubiri ya ardhi.
Humo nilisomea, mwezi mzima,
punda wa mchanga wakipita chini ya daftari langu,
na watu wakisemana, hawajui juu kuna sikio.

Nikasema ni daraja, kwa Kiingereza. Si daraja.
Nikasema ni chumba. Si chumba tu.
Nikasema ni njia ya wanawake
wasiotaka kuvaa buibui kwenda kuomba chumvi,
na hapo vitenzi vyangu vikavunjana miguu.
Nikanyamaza. Saa ya kioo ikahesabu.
Nikasema wikio.
Sikulitafsiri.
Nikaliacha neno lininginie baina yetu,
lione kama litashika upande wa pili.

Mtahini akaandika kitu kifupi.

Chini, kwenye duka la rangi, nikampigia mama.
Spika ya simu ni mbovu, husema na mtaa mzima.
"Mwanangu, wamekuuzani?"
Kwetu Amu kuuza ndiko kuuliza,
lakini mwenye duka, mtu wa bara,
aliacha kukoroga rangi akanitazama
kama anayetafuta karatasi ya bei.

"Wameniuza wikio, mama."
"Wikio letu? Walitakani nalo?"

Siku ya kumi na tatu majibu yakaingia.
Kusikiliza, saba. Kusoma, sita na nusu.
Kuandika, sita.
Kusema, tano na nusu.
Chuo kinataka sita kila mahali,
hakipimi jumla, hakikopeshani:
saba ya sikio hailipi deni la ulimi.

Nikamweleza, polepole, kwa lugha yetu,
ambayo ndani yake sijawahi kupungua.
Nimebakisha nusu, mama. Nusu tu.

"Nusu ya nini?" akauza mama.

Nikatazama pembeni mwa ukumbi,
pale sakafu ilipobaki na mraba mweupe.
Friza aliiuza nzima.